Aliuza maksai, akanunua gari linaloogelea

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua la Oktoba halijapanda vizuri, na tayari Maduhu Masalu anafoka. Hamfokei mtu. Anawafokea madume wawili wachanga waliofungwa nira moja, mmoja akitaka kuelekea mashariki na mwenzake akitaka kulala.

"Bajeti! We Bajeti! Nani kakwambia kumekucha ili ulale?"

Bajeti analala vilevile. Mwenzake, Bodaboda, anamtazama kidogo, anakojoa, kisha anaanza kula majani yaliyo karibu na mguu wake.

Maduhu, mwenye umri wa miaka 49, anaweka fimbo chini. Anachuchumaa karibu na sikio la Bajeti na kumsemesha Kisukuma kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Baada ya muda dume linanyanyuka. Wawili hao wanavuta gogo lenye panda lililofungwa nyuma yao, hatua thelathini hivi, halafu wanasimama tena.

"Jana ilikuwa ishirini," ananiambia huku akijifuta jasho. "Ng'ombe wa kuvuka mbuga hufunzwa misimu miwili. Mimi nina wiki tano."

Tuko Nyalwigo, kijiji cha wakulima wa mpunga na pamba ng'ambo ya mbuga pana inayokitenga na Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale. Kiangazi unaivuka mbuga hiyo kwa pikipiki kwa dakika kumi. Mvua zikianza inageuka kitu ambacho si ziwa wala nchi kavu, na wanaotaka zahanati kubwa, soko, benki au sekondari wanamhitaji mtu wa kuwavusha. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa Maduhu.

Nyuma ya nyumba yake kuna kitu ambacho mgeni hawezi kupita bila kuuliza. Ni gari fupi la rangi ya kijani, bodi lake la plastiki ngumu mithili ya beseni la kufulia, na lina magurudumu manane mafupi manene, manne kila upande. Halina milango. Linatumia umeme wa betri na liliundwa kutembea porini, kisha likifika majini liogelee. Watu wa hapa walilibatiza jina Chura.

Leo Chura ana kazi moja tu. Aneth, mke wa Maduhu, ametandaza juu yake michembe, vile vipande vya viazi vitamu vinavyoanikwa, ili kuku wasiifikie.

"Kwa kuanikia ni zuri sana," anasema Aneth bila kucheka. "Shilingi milioni tisa za kuanikia viazi."

Mumewe anajifanya hajasikia.

Kabla ya Chura, Maduhu alikuwa na maksai wawili waliojulikana hadi Segese. Wa kulia aliitwa Askari kwa sababu hakuwahi kukataa amri. Wa kushoto aliitwa Diwani. "Huyo alikuwa anakula sana, na kazi alikuwa anaifanya vizuri watu wakiwa wanatazama," anaeleza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu.

Namna yao ya kazi inafaa kuelezwa, maana makosa yote yaliyofuata yamo humo. Wenye mikokoteni wa mbuga hizi wana desturi moja. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, wanavua magurudumu. Wanayaegemeza ukutani, wanachukua gogo lenye panda, wanafunga juu yake chanja la miti, na ng'ombe wanaliburuza. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hung'ang'ania kila kinachozunguka. Gogo halizunguki, hivyo linateleza juu ya tope, na penye maji mengi linaelea huku ng'ombe wakiogelea.

"Hakuna mtoto wa Nyalwigo asiyejua hilo," anasema Maduhu. "Mimi mwenyewe nimewafundisha vijana wangapi? Mvua ikija, vua gurudumu. Halafu mimi huyohuyo nikaenda kununua magurudumu manane."

Alisukumwa na nini kufanya hivyo? Ukweli ni kwamba hakushikwa na wazimu. Alipiga hesabu, na hesabu yenyewe ilionekana nzuri. Msimu wa mvua alikuwa akipata wastani wa shilingi elfu thelathini kwa siku, abiria mmoja shilingi elfu moja, pikipiki elfu tatu. Wagonjwa na wanafunzi walivuka bure, jambo ambalo baba yake aliliweka na yeye hakulibadilisha. Lakini maksai wanachoka. Safari tatu kwa siku, ya nne ni kuwaua. Na maksai huzeeka. Askari alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Juni mwaka jana alisikia kwamba Rwamgasa, kwa wachimbaji wadogo wa Geita, kuna mtu anauza gari la ajabu. Mtu huyo ni Marwa, mwenyeji wa Tarime, aliyekuwa na maduara mawili, yaani mashimo ya dhahabu. Ndugu yake alimwagizia gari hilo kutoka nje ya nchi ili libebe viroba vya mawe kutoka shimoni hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, wakati wa mvua. Maduara yake yalipojaa maji, gari likakosa kazi.

Maduhu alikwenda kuliangalia Julai. Marwa aliliingiza kwenye lambo la kunyweshea mifugo, likaelea, likakata maji taratibu bila moshi wala kelele, likapanda ukingo wa upande wa pili na kusimama.

"Mtu akiona gari linaogelea, na akili yake inaogelea nalo," anasema. "Nikasema, hili halili majani. Halinywi petroli. Halizeeki. Nitavusha watu mara kumi kwa siku. Sikujiuliza swali moja tu: Maduhu, lambo lina tope?"

Lambo lile lilikuwa na ukingo wa changarawe. Ilikuwa Julai, kiangazi.

Nilimtafuta Marwa kwa simu. Hakukwepa. "Mzee yule nilimweleza kila kitu," anasema. "Nilimwambia hii betri imechoka kidogo, na kule kwangu tulikuwa tunachaji karibu na karasha, umeme upo saa zote. Akaniambia umeme Kharumwa upo. Nikajua anajua anachofanya. Mtu mzima huwezi kumkataza kununua."

Ili kupata milioni tisa, Maduhu aliuza ng'ombe sita wa zizini, magunia ya mpunga ya misimu miwili, na mwisho akawapeleka Askari na Diwani kwenye mnada Segese. Aneth hakugombana naye. Alisema sentensi moja tu siku maksai walipotoka, na jirani zake hadi leo wanairudia: "Baba Kulwa, umeuza miguu ukanunua viatu."

Matatizo yalianza mapema kuliko tope. Nyalwigo haina umeme wa gridi. Kila Chura alipohitaji chaji ilibidi avuke mbuga hadi Kharumwa, kwenye mashine ya kusaga nafaka ya rafiki wa Maduhu, akae saa saba, kisha arudi. Marwa alisema betri ikijaa inakwenda kilomita arobaini. Kwenye nchi kavu, kwa betri ile, ilikwenda ishirini na mbili. Kwenda na kurudi kuchaji kuliondoa sita. Mvua za mwanzo za Oktoba zilipolowesha udongo kidogo tu, ishirini na mbili zikawa kumi na nne.

"Nilikuwa naliona," anakiri. "Kila siku naliona linapungua. Lakini nilikuwa nimeshauza maksai. Ukishauza maksai unaanza kuamini kwa nguvu."

Wiki tatu baadaye ikaja siku ambayo Maduhu hapendi kuisimulia, na aliisimulia akiwa amenipa mgongo.

Jirani yake wa nyumba ya nne ni Euphrasia, mjane anayelima mpunga. Binti yake Dorah, wakati huo akiwa na miaka kumi na minane, alikuwa katikati ya mtihani wa kidato cha nne katika sekondari moja ya Kharumwa. Alipanga chumba hukohuko mjini na wenzake. Jumamosi unga ulikwisha, naye akavuka kuja nyumbani kuchukua mwingine, akitarajia kurudi Jumapili. Jumapili mvua ikanyesha kuanzia asubuhi hadi giza, mbuga ikajaa. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa na mtihani wa Biolojia.

Dorah alitaka kuwa muuguzi. Kwa anayetaka chuo cha uuguzi, Biolojia si somo la kuchagua, ni mlango wenyewe.

Saa kumi na moja alfajiri Euphrasia alikuwa ameshapata bodaboda. Ipo barabara ya kuzunguka mbuga kupitia vijiji vya juu, kilomita thelathini na moja, mbovu lakini inapitika. Dereva alikuwa amewasha pikipiki. Walipopita mbele ya nyumba ya Maduhu, yeye alikuwa nje anakagua Chura.

"Nikawasimamisha," anasema. "Hakuna aliyeniita. Mimi ndiye niliyewasimamisha. Nikamwambia, Mama Dorah, hiyo elfu ishirini ya boda kaa nayo, mtoto atakula nini huko? Mwanafunzi kwangu ni bure. Dakika arobaini ataingia darasani."

Bodaboda dume anapiga kwato ardhini.

"Angekuwa mtu mwingine kawazuia, ningemchukia mpaka leo."

Euphrasia anaikumbuka asubuhi hiyo kwa namna yake. "Tulimwamini. Mume wangu alipougua, Baba Kulwa ndiye aliyemvusha na maksai wake, usiku, mara mbili. Unamkataliaje mtu kama huyo? Tukamrudisha boda."

Maji ya mwanzo yalikuwa ya kina, na Chura aliyakata vizuri. Watu waliosimama ukingoni walipiga vigelegele. Dorah alikaa mbele, sare yake safi, viatu ndani ya mfuko wa plastiki, daftari mapajani. Alikuwa anasoma.

Katikati ya mbuga maji yakapungua hadi magotini. Hapo ndipo pabaya, maana maji hayatoshi kuogelea na tope si gumu kiasi cha kukanyagika. Magurudumu yakaanza kubeba udongo. Yakazidi kunenepa kama mwiko unaosonga ugali mgumu, hadi yakawa yanasugua bodi. Maduhu akaongeza nguvu. Taa za betri zilikuwa nne, zikawa mbili. Akashuka, akabandua udongo kwa mikono, akapanda, wakaenda hatua kumi. Akashuka tena. Saa moja kasoro dakika tano taa ya mwisho ikazimika.

"Dorah hakulia," anasema. "Alifunga daftari, akaniuliza, baba, tunashuka? Nikamwambia subiri kidogo. Unaona? Hata hapo nilimwambia subiri. Nikapoteza dakika ishirini nabonyeza vitufe."

Walishuka. Tope lilimfika binti huyo mapajani. Maduhu alimbeba mgongoni sehemu kubwa ya kilomita moja na nusu iliyobaki, akaanguka naye mara mbili. Walifika kwenye geti la shule saa tatu na robo. Kanuni inamruhusu mtahiniwa aliyechelewa kuingia ndani ya nusu saa ya kwanza tu. Msimamizi aliwatazama walivyokuwa, wote wawili weusi kwa udongo, akasema hawezi. Maduhu alimpigia magoti. Msimamizi naye akaonekana kutaka kulia, lakini hakufungua mlango.

Matokeo yalipotoka, Dorah alikuwa na daraja la tatu, jambo zuri kwa binti aliyesomea kwa kibatari. Kwenye Biolojia kulikuwa na alama ya kutokuwapo. Wenzake wawili wa darasa moja sasa wako vyuo vya afya. Yeye alikwenda Rwamgasa, akakaa miezi mitano akiwapikia manyoka, kama wanavyoitwa vijana wanaoshuka mashimoni, huku mama yake akilala nusu usingizi kila siku kwa kuwaza aliko. Julai mwaka huu alirudi na ada ya mtihani mkononi. Mwezi ujao atarudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Chura alivutwa kutoka mbugani Mei, tope lilipokauka, na maksai wa kukodi. Maduhu alimleta fundi wa betri kutoka Geita, Thobias, akitumaini kuliuza. Thobias alilikagua nusu siku.

"Siyo gari baya, nisilisingizie," Thobias aliniambia. "Mpe mtu mwenye bwawa la samaki, au shamba kubwa la mpunga lenye maji yanayosimama na umeme jirani, atalisifu. Lakini betri yake mpya, hadi ifike hapa, naiona ni kama milioni kumi na nne. Gari lenyewe kanunua tisa. Likiwa jipya unazungumzia makumi ya mamilioni. Na hata ukiweka betri mpya, hili tope lenu halina habari na betri."

Nilimuuliza kama mnyororo ungevishwa kwenye magurudumu, kama matrekta mengine. Alisema inawezekana, lakini uzito unaongezeka, chaji inapungua, na bei anaogopa hata kuikadiria.

Kwa hiyo Maduhu akaenda kuwatafuta maksai wake. Segese aliambiwa kwamba Diwani alichinjwa wiki ileile ya mnada. Askari alikuwa hai. Alimkuta kwa mkulima mmoja wa mpunga, mzee Mwigulu, umbali wa saa nne kwa baiskeli, amenenepa, amefungwa na mwenza mpya.

"Nilipomwita jina akageuza kichwa," anasema Maduhu. "Nikamwambia mzee, shikamoo, huyu alikuwa wangu, taja bei yoyote, nitakulipa mpunga. Mzee akanitazama. Akasema, mwanangu, ng'ombe anayejua mbuga hauzwi. Ulikuwa hujui?"

Aliaga, akapanda baiskeli yake.

Bajeti ni ndama wa ng'ombe mmoja aliyebaki zizini. Bodaboda ni mali ya shemeji yake, amepewa amtunze kwa desturi ambayo Wasukuma huita kubilisa: mwenye ng'ombe anabaki kuwa mwenyewe, mtunzaji anapata maziwa na nguvu za kazi. Shemeji huyo alisita. Alitaka kwanza ahakikishiwe kwamba ng'ombe wake hatageuzwa gari. Maduhu anasimulia mzaha huo akiwa hacheki, na mimi nikashindwa kucheka.

Msimu uliopita watu wa Nyalwigo walizunguka kwa barabara ya juu au walibaki nyumbani. Mama mmoja, Zipora, alijifungulia kwenye ukingo wa mbuga akisubiri mtu wa kumvusha. Yeye na mtoto wako salama. Lakini Maduhu anaitaja tarehe, saa, na mvua ilivyokuwa ikinyesha, ingawa hakuna aliyemlaumu.

"Wangenilaumu ingekuwa afadhali," anasema. "Wananisalimia vizuri tu, mwangaluka, mwangaluka. Hakuna anayeniuliza msimu huu nitavusha lini. Zamani Septemba tu wanaanza kuniuliza."

Nilimkuta Dorah nyumbani kwao akichambua mchele, kitabu cha Biolojia kimefunguliwa kando, ukurasa wa mfumo wa damu. Ni binti mpole anayejibu kwa ufupi.

"Simchukii," anasema. "Kila nikikutana naye namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba huku anaangalia chini. Mtu mzima kuangalia chini mbele yangu, hapo ndipo ninapoumia mimi."

Je, akimaliza kuwafunza ng'ombe wale wapya, atapanda?

Anachambua mchele kidogo. "Nitakwenda Kharumwa mwishoni mwa mwezi huu, kwa mama mdogo Klara. Nitakaa kwake mpaka nimalize mtihani. Mvua inyeshe isinyeshe." Kisha anaongeza haraka, "Sijamwambia. Naomba usimwambie."

Sikumwambia. Lakini Nyalwigo ni kijiji, na siri ya kijiji haimalizi siku mbili. Siku ya kuondoka kwangu nilimkuta Maduhu amekaa juu ya gogo lake, nira mapajani, na akaanza yeye mwenyewe.

"Nasikia Dorah anahamia kwa Klara."

Nikafunga daftari langu.

"Kafanya vizuri. Ningekuwa mimi, nisingepanda." Anaikuna nira kwa ukucha, mahali ambapo mti bado ni mpya. "Nilikuwa nimefikiri labda atakuwa abiria wa kwanza. Yamepita."

Nilimuuliza kama sasa atapumzika, awafunze madume taratibu hadi msimu ujao, kama inavyotakiwa. Anatikisa kichwa.

"Biolojia ni Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi na moja, saa mbili asubuhi. Nimeuliza shuleni. Siku hiyo, hata kama mvua ipo na mbuga imejaa, nitaondoka hapa saa kumi na moja na hawa wawili. Gogo tupu, sibebi mtu. Wakigoma katikati, nitawasubiri. Wakilala, nitawaamsha."

"Na ukifika?"

"Nitasimama nje ya geti. Sina la kumwambia. Akipita kuingia kwenye chumba cha mtihani, anione tu kwamba leo nimewahi."